Sandarusi Kabla ya Nta

Gari linalong'aa haling'ai kwa sababu ya rangi peke yake. Kinachorudisha mwanga machoni ni tabaka jembamba lililolala juu ya rangi, na kwa muda mrefu tabaka hilo lilitokana na mchanga wa pwani yetu. Mimi ni fundi wa rangi za magari, nimejifunzia kazi Gerezani, Dar es Salaam, enzi za rangi ya selulosi, na jambo hili naliona zito. Vijana ninaowafundisha wanaamini kwamba kila kinachong'arisha gari kimeanzia Ulaya au Marekani. Sivyo.

Nyuma ya Bagamoyo, kushuka Uzaramo hadi Rufiji na Kilwa, watu walichimba sandarusi. Ni utomvu wa mti wa msandarusi, uliodondoka chini zama nyingi zilizopita ukafukiwa na mchanga, mpaka mti wenyewe ukaoza pasibaki hata kisiki. Mchimbaji alishuka na jembe, akafukua shimo, akachambua vipande kwenye udongo mwekundu. Kipande kizuri kilikuwa kigumu, rangi yake ya asali, na ukikisafisha uso wake umejaa vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo vilivyomwonyesha mnunuzi kwamba mali ni ya zamani, ya ardhini. Ile iliyogemwa mbichi mtini iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hizo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu katika kitabu chake.

Kutoka bara mzigo ulivushwa kwa majahazi hadi Unguja. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Waters alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Sultani, na wawili hao walikuwa na sauti kubwa katika biashara ya bandari. Merikebu za Salem zilileta vitambaa vya pamba, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Kule Salem palikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple, kazi yake kuiosha sandarusi kwa maji ya magadi na kuichambua kwa ukubwa na rangi. Mchimbaji wa Kizaramo alivaa kitambaa cha merikani kilichofumwa Massachusetts. Jasho lake likaenda kupakwa kwenye magari ya farasi ya huko huko.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi kuu ya sandarusi. Watengeneza vanishi waliiyeyusha sandarusi kwa moto mkali sana, wakaichanganya na mafuta ya kitani yaliyochemka, kisha wakaizimua kwa tapentaini. Miongoni mwa vanishi zote, ile ya sandarusi ya Zanzibar ilihesabiwa kuwa ngumu na safi kuliko nyingine, nayo ndiyo iliyopendwa kwa bodi za magari ya kifahari ya farasi. Injini zilipokuja, waliojenga bodi walikuwa mafundi wale wale. Studebaker wa Indiana walikuwa wakiunda mikokoteni tangu 1852 kabla ya kuingia kwenye magari. Gari la mwanzoni mwa karne ya 20 lilipakwa kwa brashi tabaka baada ya tabaka, kila moja likisubiriwa kukauka na kusuguliwa kwa unga wa mawe. Kazi ya gari moja ilichukua wiki kadhaa. Kufikia hapo sandarusi ya Kongo ilikuwa imeanza kuizidi yetu kwa wingi na kwa urahisi wa bei.

Kilichoiua vanishi ni haraka ya viwanda. Kampuni ya DuPont ilitoa rangi ya Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, na General Motors wakaipaka kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924, yale ya buluu. Ilipulizwa, ikakauka kwa saa badala ya siku. Lakini rangi za jamii hiyo, nilizozipuliza mwenyewe kwa miaka mingi, haziking'arishi chombo milele. Jua huzichosha, uso hugeuka chaki, ukipitisha kidole kinatoka na rangi. Lazima usugue, halafu ukinge. Mlango wa nta ukafunguka wazi.

Kampuni ya nta za magari ya Simoniz ilikuwapo Chicago tangu 1910, na selulosi iliipa wateja tele. Katika mji huo huo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ben Hirsch alichanganya polishi yake ya maji ambayo baadaye ilikuja kuitwa Turtle Wax. Husimuliwa kwamba alikuwa akipita kwenye magari yaliyoegeshwa, anang'arisha upande mmoja tu, kisha anamngoja mwenye gari aone tofauti. Namheshimu kwa hilo. Hakuna tangazo linaloshinda boneti lililong'arishwa nusu.

Nta yenye sifa kubwa katika makopo ya polishi ni ya kanauba, mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Majani yake hukatwa, huanikwa, hupigwa, na nta hutoka kama unga. Mwaka 1935 H. F. Johnson wa Wisconsin, mwenye kampuni ya nta, aliruka kwa ndege ndogo ya majini hadi Fortaleza kuitafuta. Sisi tuna nta ya nyuki, na ya Tabora imesafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani. Kwa nini basi Johnson alikwenda Brazili? Jibu liko kwenye joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, kanauba kwenye 82 hadi 86. Boneti jeusi la Dar es Salaam saa saba mchana haligusiki kwa kiganja. Nta laini hulegea, ikashika vumbi. Ya nyuki inafaa ikichanganywa na ile ngumu, ili ipakike kirahisi.

Tangu miaka ya 1980 magari mengi yanatoka kiwandani na klia, tabaka angavu lisilo na rangi, juu ya rangi. Ni vanishi imerudi, ya kemikali safari hii, na unene wake ni kama nusu ya karatasi ya kuandikia. Hapo ndipo naona uharibifu unaoniuma: mtu anapeleka gari kuoshwa, anapigiwa kampaundi, dawa ya kusugua, kila mwezi, linang'aa, anafurahi, kumbe klia inaliwa. Ikiisha hakuna nta itakayoirudisha. Ni kupuliza upya. Nta haisugui kitu. Osha gari kwa shampuu yake, si sabuni ya unga, likaushe kabisa, lipeleke kivulini lipoe. Paka nta nyembamba, kipande kwa kipande, ngoja ipauke, futa kwa kitambaa laini kisichokuwa na mchanga. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi kama unaishi karibu na bahari. Na kinyesi cha kunguru kilainishe kwa maji siku hiyo hiyo. Kikikaukia juani kinaila klia.

Ukienda dukani, geuza kopo usome nyuma. Likiandikwa kwamba linaondoa mikwaruzo, ndani yake mna kisuguaji. Hilo mwachie fundi, tena kwa nadra. Wewe chukua nta tupu.