Kamari Ilipohama Dukani

Sheria ya Kenya ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 131, ilipitishwa mwaka 1966, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos. Waliohitaji leseni walikuwa na mlango ambao afisa angeweza kuubisha.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti, Kitui na Makueni zikiwemo, sehemu ya jukumu la kusimamia kamari. Mashine ya kamari ya sarafu hushikika: afisa huingia dukani na kuibeba. Kijana wa Wote, Makueni, au Mwingi, Kitui, anayesambaza kiungo cha kubeti kwenye WhatsApp, akilipwa kamisheni kwa kila anayejisajili, hana duka.

Mei 2019, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilipiga marufuku matangazo ya kubeti mitandaoni, pamoja na watu mashuhuri kuipigia debe kamari. Aprili 2025 ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Agosti mwaka huo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966.

Inauma kwamba kijana huyo hulipwa kidogo tu, ilhali ndiye mwenye jina na namba ya simu chini ya tangazo. Kampuni inayomlipa, ikiwa haina leseni ya Kenya, huenda iko ng'ambo. Yeye yuko Wote.