Deni la Kamuzu na sanduku la kufuli tatu

Kabla ya mwaka 1994 hakuna aliyekuja Dzaleka kutafuta hifadhi. Palikuwa gereza. Tangu katikati ya miaka ya 1960, Dkt. Hastings Kamuzu Banda, Rais wa Malawi, aliwafungia hapa watu aliowahesabu kuwa wapinzani wake, wengi wao bila kuwafikisha mahakamani. Mwaka huo wa 1994, aliposhindwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, gereza likageuzwa kambi ya wakimbizi. Eneo lililokusudiwa watu wasiozidi 12,000 leo linabeba zaidi ya 50,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko.

Sisi tunaoishi hapa tunamjua Kamuzu kama mwenye gereza. Wachache wanajua kwamba kampuni yake ndiyo iliyokuwa mkopaji mkubwa kuliko wote nchini Malawi, na kwamba deni lake lilikaribia kuyaangusha mabenki ya nchi nzima. Habari hiyo inatuhusu sana, sisi tunaoweka akiba kwa sarafu za kwacha na kukopeshana chini ya paa za mabati.

Kamuzu hakuzaliwa na fedha. Alitoka Kasungu akiwa kijana, akatembea kwa miguu kuelekea kusini, akafanya kazi migodini Johannesburg. Wafadhili wakamsomesha Marekani, akahitimu udaktari Nashville mwaka 1937, kisha akatibu wagonjwa London na baadaye Kumasi. Aliporudi nyumbani tarehe 6 Julai 1958 alikuwa mtu mzima wa makamo, daktari mwenye kipato chake, mwenye sifa ya kutopenda ubadhirifu. Ndiyo maana kisa chake kina uzito. Kilichomwingiza kwenye deni si ujinga wa hesabu wala ulevi.

Yote yalianza na mtambo wa kuchapa gazeti. Chama chake cha Malawi Congress kilihitaji kampuni ya kutoa gazeti la Malawi News, na kampuni hiyo ndogo ikakua hadi kuwa Press Holdings mwaka 1969. Hisa zake zilikuwa 5,000, na 4,999 zilikuwa chini ya jina la Kamuzu mwenyewe. Ilisemwa kwamba anazishika kwa niaba ya taifa. Katika miaka kumi iliyofuata Press ikamiliki maduka ya PTC, viwanda vya mikate, mashamba makubwa ya tumbaku, na hisa katika mabenki yote mawili ya biashara nchini.

Hapo kwenye mabenki ndipo pa kutulia. Press ilipotaka mkopo, ilikwenda kubisha kwenye mlango ambao ni wake. Meneja wa mkopo alijua mwombaji ni nani: ni Rais wa Maisha, aliyetangazwa hivyo mwaka 1971, na pia ni mwenye hisa wa benki. Nani angemwambia hapana? ADMARC nayo, shirika la serikali lililonunua mazao ya wakulima wadogo kwa bei ya chini na kuyauza nje kwa bei ya juu, ilitoa sehemu ya faida hiyo kuikopesha Press. Kwa maneno mengine, mama mwenye nusu ekari ya karanga hapa Dowa alikuwa mmoja wa wakopeshaji wa kampuni ya Rais. Hakuulizwa, na hakulipwa riba.

Press ilikua kwa mikopo, mtaji wake wenyewe ukiwa mdogo mno. Tena ilikopa fedha za kulipwa upesi ili kuanzisha mashamba yanayohitaji miaka kabla ya kurudisha gharama. Mabani ya kukaushia tumbaku hujengwa leo, miti ya kuni hupandwa leo, mapato huja baadaye sana. Kila deni la zamani lilipoiva, lililipwa kwa deni jipya. Bei ya tumbaku ikiwa nzuri, mtindo huo haumtishi mtu. Kambini kwetu kuna wafanyabiashara wa vitenge na nyanya wanaoishi hivyohivyo, na miezi minane ya mwaka mambo yao yanakwenda.

Mwaka 1979 bei ya tumbaku ikaporomoka. Ukame ukafuata, mafuta yakapanda bei, riba duniani ikapanda. Vita vya Msumbiji vikaivuruga reli ya kwenda Beira na Nacala, mpaka mizigo ya Malawi ikalazimika kuzunguka hadi Durban kwa gharama kubwa. Press haikuwa na akiba ya kusubiri mwaka mwema. Na kwa kuwa mabenki yalikuwa yamemimina sehemu kubwa mno ya fedha zao kwa mteja huyo mmoja, Press kuanguka kungekuwa kuanguka kwa mabenki, pamoja na akiba za watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga shamba la tumbaku.

Malawi ilikuwa imekwisha kwenda kwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuisafisha Press kukawa mojawapo ya masharti. Katika miaka ya 1983 na 1984 kampuni ikaundwa upya. Serikali ikabeba sehemu kubwa ya madeni yake na kuyapa mabenki hati za kulipwa polepole. Maana yake, mlipa kodi ndiye aliyelipa. Hisa zilikuwa zimehamishiwa kwenye amana ya Press Trust mwaka 1982, na Bunge likaja kuiondoa amana hiyo mikononi mwa Kamuzu kwa sheria ya mwaka 1995. Kampuni yenyewe ilipona. Mwaka 1998 iliingia kwenye soko la hisa, nayo ipo hadi leo, ikiwa na bodi na wakaguzi.

Katika miaka hiyohiyo ya deni, Kamuzu hakupunguza kujenga. Shule yake ya Kamuzu Academy ilifunguliwa Kasungu mwaka 1981. Lilongwe, mji mkuu aliouhamisha kutoka Zomba mwaka 1975 kwa msaada wa mkopo wa Afrika Kusini, ulikuwa unajengewa ikulu ya vyumba vipatavyo 300. Ikulu hiyo ilichukua miaka mingi, na inasimuliwa kwamba mwenyewe aliishi humo siku 90 tu. Bakili Muluzi aliyemrithi alikataa kuhamia, ikulu ikawa ukumbi wa Bunge mpaka 2004. Simlaumu mtu kujenga shule. Ninalolilaumu ni kwamba hapakuwa na mtu wala kikao cha kutenganisha mfuko wa Kamuzu, mfuko wa Press na mfuko wa nchi, na kuuliza huu mzigo unatoka wapi.

Kikao cha namna hiyo tunacho hapa Dzaleka, katika vikundi vyetu vya akiba. Wakongo wanaviita likilimba, Warundi na Wanyarwanda ikimina, majirani zetu Wamalawi wana banki mkhonde. Vikundi vinavyokopesha vinatumia sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, wala mwenye kutunza sanduku si miongoni mwao. Siku ya mkutano wote watatu wasipofika, sanduku halifunguliwi. Fedha huhesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Anayeomba mkopo husimama na kueleza anakwenda kununua nini, atauza kwa nani, atarudisha lini. Nimemsikia mwenyekiti wa kikundi akiomba mkopo wa magunia ya mkaa, na bibi mmoja aliyekaa kwenye jamvi akamjibu, "Mwenyekiti, maliza kwanza la mwezi uliopita." Akakaa chini. Wala hakuna aliyeona ni utovu wa adabu.

Kamuzu hakuwa na bibi huyo. Nasema hivi kwa sababu vikundi vyetu navyo hupatwa na ugonjwa wa Press, hasa pale kiongozi anapoheshimiwa mno: mchungaji, mwalimu, mzee wa kanda. Funguo tatu zinaishia nyumbani kwake kwa ajili ya usalama, halafu daftari, halafu mikopo ya ndugu zake inaanza kuandikwa kwa penseli. Kikundi kikifikia hapo, mgao wa akiba wa Desemba umekwisha kuliwa.

La muda wa mkopo, lililoiumiza Press, nalo linatuuma. Anayetafuta mtaji wa cherehani hukimbilia mkopeshaji wa katapila, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, ambaye hutoza hata nusu ya mkopo kwa mwezi mmoja, ilhali cherehani itamrudishia fedha zake kwa mwaka. Deni la mwezi ni la bidhaa ya mwezi: sukari, mafuta, dagaa. Cherehani, jiko la mandazi au friji ya vinywaji vinunuliwe kwa akiba, au kwa mkopo wa kikundi uliopangwa kulipwa kidogokidogo. Na kwacha yenyewe haitusubiri. Novemba 2023 ilishushwa thamani, dola ikapanda kwa asilimia 44, kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700 kwa siku moja, na waliokuwa wameweka noti sandukuni tangu Januari wakagawana karatasi zilezile zilizonunua unga kidogo zaidi. Kwa hiyo fedha za kikundi zisilale. Zizungushwe kwa mikopo midogo, au kikundi kinunue mahindi wakati wa mavuno.

Kamuzu alifariki Johannesburg tarehe 25 Novemba 1997. Kaburi lake la marumaru liko Lilongwe karibu na Bunge, lilizinduliwa mwaka 2006, nguzo zake nne zimeandikwa yale aliyowahimiza Wamalawi: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Mali aliyoiacha ilileta mvutano mrefu kati ya ndugu na watu wa karibu naye. Kambini mvutano wa aina hiyo hauji kwa kifo tu. Mtu huitwa ghafla kwenye safari ya kuhamishiwa nchi nyingine kama Kanada, anaondoka na watoto wawili, mke mwingine anabaki, na hisa zake zimo kwenye daftari kwa jina lake pekee. Baadhi ya vikundi vimeongeza safu moja pembeni mwa jina la mwanachama, ya mtu atakayepokea fedha zake asipokuwepo. Inajazwa siku anaponunua hisa ya kwanza, mbele ya wote, na yeye mwenyewe anaweka dole gumba.