Mtoto wa wiki 6 na kipimo cha VVU: mambo ya kujua kabla ya kwenda kliniki

Mama anaishi na VVU, dawa ametumia vizuri, amejifungua salama. Linabaki swali moja: je, mtoto naye yuko salama?

Jibu halitoki kwenye kile kipimo cha kidoleni cha dakika 20. Mtoto mchanga ana kipimo chake kinachofanyika kwa mashine ya maabara, na muda wake ni kati ya wiki ya 4 na ya 6 tangu azaliwe. Kwa aliyeko Mkonze, au kata nyingine yoyote ya Jiji la Dodoma, pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto, palepale mtoto anapopelekwa chanjo za wiki 6. Huduma za VVU kwenye vituo vya serikali ni bure.

Kwa nini kipimo cha kawaida hakitoshi?

Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na kirusi.

Sasa, mama mwenye VVU humpa mtoto kingamwili hizo akiwa bado tumboni, kupitia kondo la nyuma. Zinaweza kubaki kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo mtoto asiye na kirusi hata kimoja anaweza kupimwa na akaonekana "chanya". Hapo kipimo kimeonyesha hali ya mama, siyo ya mtoto.

Ndiyo maana mtoto wa chini ya miezi 18 anapimwa kwa PCR. Kipimo hiki hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe na kuvizidisha mara nyingi mpaka mashine ivione. Kikivikuta, maana yake mtoto ana maambukizi yake mwenyewe.

Damu inachukuliwaje?

Wazazi wengi wanaogopa wakidhani mtoto atatolewa bomba zima la damu. Hapana. Mtoto mdogo hutobolewa kidogo kisiginoni, na matone machache yanadondoshewa kwenye karatasi maalumu yenye viduara vitano. Watu wa kliniki wanaiita DBS.

Karatasi hiyo huachwa ikauke kabisa, mara nyingi usiku mzima, mbali na jua na vumbi. Kisha inafungwa kwenye mfuko pamoja na vifuko vidogo vya kunyonya unyevu. Damu ikishakauka vizuri haihitaji barafu wala friji njiani, kwa hiyo hata zahanati ya kijijini isiyo na mashine inaweza kuituma kwenye maabara kubwa.

Zipo pia mashine ndogo zinazokaa kituoni. Mojawapo ni GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kupima kifua kikuu. Hizi hutoa jibu kwa takribani saa moja hadi moja na nusu. Muulize muuguzi sampuli ya mtoto wako itapimwa wapi na majibu yatarudi lini.

Haraka yote hii ya nini?

Kwa sababu VVU kwa mtoto mchanga haviendi polepole kama kwa mtu mzima. Asipotibiwa, karibu mtoto 1 kati ya 3 wenye maambukizi hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na nusu yao hawafiki miaka miwili. Vifo hivyo ni vingi zaidi akiwa na miezi miwili au mitatu hivi, wakati ambao mtoto anaweza kuonekana mnene na mchangamfu tu. Ukisubiri aanze kuumwa, huenda umechelewa.

Upande wa pili una habari njema. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watoto walioanzishiwa dawa mapema na waliosubiri mpaka dalili au vipimo vionyeshe kwamba hali imeshuka. Kuanza mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76.

Siku hizi kuna kidonge cha dolutegravir cha watoto, kinachoyeyushwa kwenye maji. Kinaweza kutumika kuanzia wiki 4, mtoto akiwa na kilo 3 au zaidi.

Majibu yakitoka

*Yakiwa chanya:* mtoto anaanza ARV mara moja. Damu nyingine inachukuliwa ili kuhakikisha, lakini dawa hazisubiri jibu la pili.

*Yakiwa hasi:* ni habari njema, lakini safari haijaisha. Maana yake ni kwamba mpaka siku ile alipopimwa, kirusi hakijaonekana. Kama bado ananyonya, uwezekano wa kuambukizwa bado upo, na kinachoupunguza ni mama kumeza dawa zake kila siku bila kuruka.

*Yasipoeleweka:* hutokea. Huenda damu ilikuwa kidogo, karatasi haikukauka vizuri, au mashine haikutoa jibu la uhakika. Ukiitwa urudie, nenda haraka. Kuitwa tena hakumaanishi kwamba mtoto ana VVU.

Majibu hupotelea wapi?

Hapa ndipo penye tatizo. Sampuli inaweza kusafiri salama, ikapimwa, majibu yakarudi kituoni, lakini mama hayupo.

Wapo wanaojifungulia kwao, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa, halafu wanarudi mjini. Wengine wanaondoka kwenda shambani mvua zikianza. Wengine wamebadilisha laini ya simu. Majibu hurudi pale damu ilipochukuliwa. Hayamfuati mama alikohamia. Mtoto ambaye majibu yake yamekaa kwenye faili hana tofauti na ambaye hakupimwa.

Msumbiji wameonyesha muda huu una uzito gani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, vituo vilivyopima kwa mashine ya palepale viliwaanzishia dawa karibu watoto 90 kati ya kila 100 waliokutwa na VVU, ndani ya siku 60. Kwenye vituo vilivyotuma sampuli maabara ya mbali, walikuwa kama 13 tu kati ya 100.

Kwa hiyo siku ya kupima:

- Acha namba ya simu inayopatikana, na ya pili ya mtu unayemwamini.
- Uliza tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kadi ya mtoto.
- Kama unasafiri, sema mapema upewe maelekezo ya kuendelea na huduma huko uendako.
- Tarehe ikifika, nenda. Usisubiri kupigiwa.

Ratiba kwa kifupi

- *Akizaliwa:* anaanza dawa ya kinga, kwa mfano nevirapine ya maji, kwa wiki 6. Mwenye hatari kubwa zaidi hupewa dawa za kinga hadi wiki 12.
- *Wiki 4 hadi 6:* PCR ya kwanza. Anaanza pia kotrimoksazoli ya kumkinga na maradhi kama nimonia.
- *Miezi 9:* anapimwa tena, hata kama jibu la kwanza lilikuwa hasi.
- *Miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, lolote litakalochelewa:* kipimo cha mwisho. Hapa sasa kile cha haraka kinafaa.
- *Wakati wowote akiumwa mara kwa mara au asipoongezeka uzito:* apimwe bila kungoja ratiba.

Je, aache kunyonya?

Usimwachishe kwa uamuzi wako. Kwa mama anayetumia ARV vizuri, ushauri ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6: hakuna uji wala maji. Baada ya hapo anaongezewa vyakula huku akiendelea kunyonya.

Na kwa mama aliyepimwa hasi wakati wa ujauzito: hiyo siyo hati ya kudumu. Ukipata maambukizi mapya ukiwa unanyonyesha, virusi huwa vingi mwilini na hatari kwa mtoto inapanda. Rudia kupima, na baba naye apime.

Na siri je?

Wengi hawarudi kwa kuogopa mama mkwe au majirani wataona kadi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya majibu. Kama ni vigumu kwenda kliniki bila kuulizwa nyumbani, mwambie muuguzi. Mnaweza kupanga miadi iende pamoja na siku ya chanjo au ya kupima uzito, ambayo kila mama anaenda.

Mtoto wako amepita wiki 6 na hajapimwa? Bado hujachelewa kumpeleka. Beba kadi yake, nenda kliniki ya karibu kesho asubuhi. Ukiwa na swali, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.