Chemirocha wa Kapkatet: Igizo la Wasichana wa Kipsigis na Historia ya Sanaa za Maonyesho katika Nchi ya Chai

1. Suala lenyewe

Historia ya sanaa za maonyesho nchini Kenya kwa kawaida huandikwa kwa kufuata majengo na miswada. Huanzia katika kumbi za walowezi, ikafika kwenye Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa Nairobi mwaka 1952, ikapitia mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule yaliyoanza mwaka 1959 chini ya British Council, kisha ikatua Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Katika mpangilio huo, nchi ya chai ya Kericho na Bomet haina nafasi ila ile ya mpokeaji: mchezo wa kuigiza ulipelekwa huko na klabu za wakulima wa Kizungu, na baadaye na walimu wa shule.

Makala haya yanakusudia kuuhoji mpangilio huo kwa kuchunguza tukio moja. Mwaka 1950, huko Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, wasichana wa Kipsigis waliimba mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey wimbo uitwao Chemirocha. Wimbo huo umepata umaarufu duniani, lakini umaarufu wenyewe umejengwa juu ya tafsiri isiyowatendea haki walioutunga. Umesimuliwa kama kosa la kuchekesha, kana kwamba wanakijiji walisikia sauti ya mwimbaji wa Kimarekani katika santuri wakaamini kwamba ni mnyama. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba wasichana hao hawakuwa wakiungama imani, bali walikuwa wakiigiza. Tofauti kati ya mambo hayo mawili si ndogo, kwa kuwa mwenye kuamini jambo lisilo la kweli huhesabiwa kuwa mjinga, hali mwenye kuliigiza ni msanii.

2. Mahali na wakati

Kilimo kikubwa cha chai kilianza Kericho katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na African Highlands yalipopanda mashamba katika ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Mashamba yaliwavuta vibarua kutoka kwa Wajaluo, Wagusii, Waluyia na wengineo, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kati yao. Misheni nazo zilikuwa zimeingia: Africa Inland Mission ilikuwa Litein, karibu na Kapkatet, na Wamarekani wengine walikuwa Tenwek, upande wa Bomet. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa mambo ya kiroho, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Kwa hiyo, kufikia mwaka 1950 mgeni hakuwa jambo geni katika nchi hiyo. Mgeni alikuwa ndiye mwenye shamba, mwenye kanisa, mwenye amri, na mwenye santuri. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika wimbo wa Kapkatet mgeni huyo ndiye anayepewa amri, naye anaamriwa kucheza ngoma.

Jimmie Rodgers, ambaye jina lake ndilo asili ya Chemirocha, alizaliwa mwaka 1897 katika kusini ya Marekani, akafanya kazi katika reli, akarekodi nyimbo zake za kwanza mwaka 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sifa yake kubwa ilikuwa uimbaji wa kuivunja sauti ghafla kutoka chini kwenda juu, huku akijipigia gitaa. Hakufika Afrika kamwe. Sahani za santuri ndizo zilizofika.

3. Kilichonaswa mwaka 1950

Katika safari yake ya mwaka huo Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume, na ya tatu iliimbwa na wasichana. Jina la kiongozi wao, Chemutoi Ketienya, liliandikwa. Wenzake waliwekwa pamoja kwa maneno ya jumla: wasichana wa Kipsigis. Sauti zao zinasindikizwa na chepkong, aina ya kinubi cha Wakipsigis, na muundo wake ni wa kiongozi na kiitikio.

Katika maelezo aliyoambatanisha na rekodi, Tracey aliandika kwamba Chemirocha ni nusu mtu na nusu paa, akamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale mwenye miguu ya mbuzi. Alieleza pia kwamba wasichana wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka ijulikanayo na Wakipsigis wote, aicheze kwa nguvu hata atoke katika nguo zake. Maelezo hayo ni mafupi na yana manufaa. Kasoro yake ni kwamba neno mungu liliwafanya wasomaji wa baadaye waione dini mahali palipokuwa na mchezo.

4. Ushahidi wa jina

Mwanaisimu ana la kusema hapa kabla ya mwanahistoria. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi vipasuo ghuna na visivyo ghuna katika kiwango cha fonimu. Sauti ya kwanza ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers kwa hiyo zote mbili huwa ch. Hadi hapo mtu anaweza kusema kwamba jina limebadilika lenyewe tu, kama majina yote ya kukopa yanavyobadilika.

Lakini tokeo la mabadiliko hayo si la kubahatisha tu. Majina ya Kikalenjin hutanguliwa na viambishi viwili maarufu: Kip- kwa wanaume na Chep- kwa wanawake, kama katika Kipkoech na Chepkoech. Mbele ya sauti m kiambishi hupoteza p yake: tunapata Kimutai na Chemutai. Chemirocha basi ni jina lililokaa sawasawa katika mkondo huo. Masikio ya Kipsigis yanalipokea pamoja na Chemutai, na pamoja na Chemutoi, jina la yule aliyeongoza wimbo. Hata chombo kilichowasindikiza, chepkong, kinaanza hivyo hivyo.

Ikumbukwe pia kwamba kiambishi hicho hakiishii kwenye majina ya wanawake. Huonekana katika majina ya vitu na viumbe, na wanaisimu wamekihusisha na udogo au udhaifu, kinyume cha Kip- kinachohusishwa na ukubwa na nguvu. Mwanamume mgeni aliyekuja na sauti ya ajabu amepewa, kwa njia ya sauti za lugha tu, umbo la jina lisilokuwa la mwanamume shupavu. Si lazima kudai kwamba wasichana walikaa wakalipanga jambo hilo. Yatosha kusema kwamba lugha yao iliwapa mzaha ulio tayari, nao wakautumia.

5. Ukoo wa mhusika

Ushahidi wa pili unatoka katika fasihi simulizi. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotolewa mwaka 1909, anaeleza juu ya zimwi liitwalo Chemosit. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu kwa lugha na mila. Kwa maelezo ya Hollis, Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Huwanasa watoto kwa kuimba karibu na makao yao. Watoto wakiuona mwanga na kuusikia wimbo, hudhani kuna ngoma, wakaufuata hadi kwenye maangamizi yao.

Mfanano ni dhahiri. Chemosit na Chemirocha wote wawili ni nusu mtu na nusu kiumbe kingine, wote ni waimbaji, na majina yao yanaanza kwa namna moja. Sauti iliyotoka ndani ya kisanduku bila mwimbaji kuonekana ilikuwa na mahali pake tayari katika masimulizi ya watu hawa: ni sauti ya yule aimbaye gizani. Kwa hiyo nusu mtu na nusu paa hakuzaliwa kutokana na mshangao wa watu walioona santuri kwa mara ya kwanza. Ana nasaba, kama vile Abunuwasi wa Waswahili alivyo na nasaba.

Mabadiliko yaliyofanywa na wasichana ndiyo yenye uzito zaidi. Katika hadithi ya Chemosit, zimwi huimba na watoto huvutwa. Katika wimbo wa Kapkatet, wasichana ndio wanaoimba, na kiumbe ndiye anayevutwa aje kwenye ngoma. Katika hadithi ya kwanza ngoma ni mtego wa zimwi, na katika ya pili ni mtego wa wasichana. Tena adhabu anayopewa aliyenaswa si kifo bali ni kuvuliwa nguo na mchezo wake mwenyewe, mbele ya watu. Mtu anayemwogopa kiumbe kwa imani hamwombi aruke mpaka nguo zimdondoke. Hicho ni kichekesho, na kichekesho huhitaji watazamaji wanaojua kwamba ni kichekesho.

6. Je, ni sanaa ya maonyesho?

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walionyesha kwamba sanaa hiyo katika Afrika haipimwi kwa jukwaa la Kizungu na mswada. Hupimwa kwa kuwapo kwa dhana inayotendeka, watendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Wimbo wa Kapkatet ukipimwa kwa kipimo hicho unatimiza masharti yote. Dhana ni kumnasa mgeni kwa ngoma. Watendaji ni kiongozi na wenzake, nao wanazungumza na mhusika asiyeonekana. Uwanja ni ule wa ngoma unaojulikana na kila mtu. Watazamaji ni jamaa zao, na siku ile aliongezeka mgeni mmoja mwenye mashine. Haiwezi kupuuzwa kwamba wasichana waliombwa kuimba na mtu wa nje aliyebeba chombo cha sauti, nao wakaimba juu ya mtu wa nje aliyetoka ndani ya chombo cha sauti.

Kuwapo kwa nyimbo tatu za waimbaji mbalimbali zenye jina hilo hilo kunaimarisha hoja. Chemirocha hakuwa ndoto ya kikundi kimoja. Alikuwa mhusika wa wote, na kila mwimbaji alimtumia kwa namna yake.

Kosa la kuchukua igizo kuwa upumbavu halikufanyika Kericho peke yake. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na gwaride za Kizungu, ilidharauliwa kwa muda mrefu kuwa ni kunakili tu, mpaka Terence Ranger alipoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba wachezaji walikuwa na malengo, mashindano na fikira zao wenyewe. Wasichana wa Kapkatet wanastahili kusomwa kwa heshima hiyo hiyo.

7. Kamĩrĩĩthũ na Kapkatet

Ulinganisho na nchi nyingine ya chai unafaa kufunga mjadala huu. Limuru ndiko chai ilikopandwa kwanza nchini Kenya, mwaka 1903. Huko Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi wasio na mafunzo ya uigizaji walijenga uwanja wao wa wazi, na Oktoba 1977 wakaonyesha Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba mwaka huo huo serikali iliufutia mchezo kibali, mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na Machi 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Kamĩrĩĩthũ inakumbukwa kwa sababu palikuwa na mswada, palikuwa na mwandishi mashuhuri, na palikuwa na mgongano na dola. Kapkatet inakumbukwa kwa sababu kinasa sauti kilipita. Katika nchi ya chai mikesha mingi ya ridhaa haikuwa na mswada wala kinasa sauti, na kutokuwapo kwa karatasi kumechukuliwa kuwa kutokuwapo kwa sanaa.

Tena kilichonaswa hakikubaki kwao. Kilipelekwa Afrika Kusini, ambako Tracey alianzisha International Library of African Music mwaka 1954, na kutoka huko kikaenea duniani. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010 ambapo maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala kwa Wakipsigis. Mmoja wa wanamuziki wa mwaka 1950, Cheriyot Arap Kuri, alikuwa angali hai kuzipokea. Kwa miaka zaidi ya 60 watu wa mbali waliujua wimbo huo kuliko wajukuu wa walioutunga.

Kurudishwa kwa sauti ni jambo jema, lakini hakutoshi iwapo tafsiri ya zamani itarudi pamoja nayo. Mwanafunzi wa Kericho au Bomet akifundishwa kwamba bibi zake walimdhania mwimbaji wa Kimarekani kuwa mnyama, atakuwa amepokea dhihaka juu ya watu wake mwenyewe. Akifundishwa kwamba walimchukua mgeni asiyeonekana, wakampa jina la kwao, wakamvika umbo la zimwi la kwao, kisha wakamtoa uwanjani wamcheke, atakuwa amepokea historia ya sanaa. Kazi iliyobaki kwa idara za lugha ni kukaa na wazee wa Kapkatet na jirani zake, kuyaandika maneno ya nyimbo zote tatu kwa Kikipsigis sahihi, na kuyatafsiri kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kupitia kwa Pan.