Pole na Jikaze

Katika baadhi ya mahekalu ya Japani, mtoto anayelia usiku na kushtuka ovyo huandikwa kwa wino mweusi kwenye kiganja. Kisha mkono unaoshwa. Ukianza kukauka, wazazi huinama kutazama ncha za vidole, kwa sababu vinyuzi vyeupe vinavyoonekana hapo huaminika kuwa ndiye mushi, mdudu wa kero na hofu, anayemtoka mtoto. Huku kwetu pwani, mtoto wa namna hiyo hiyo huandikiwa kombe. Mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au marashi ya mawaridi, mtoto akanywa.

Vitu ni vile vile: maandishi, maji, na mkono wa mtu mzima anayeheshimika. Kinachotofautiana ni mwelekeo. Kule wanaandika ili kitu kitoke, huku tunaandika ili kitu kiingie. Mwili wa mtoto wa Kijapani una mgeni wa kufukuzwa. Mwili wa mtoto wa pwani una nafasi ya kujazwa. Hata hivyo mila zote mbili zimekubaliana juu ya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko tofauti zao: hakuna hata moja inayomlaumu mtoto. Hofu si tabia yake mbaya, wala si udhaifu wa malezi ya mama yake. Ni kitu kilichomfika, na watu wazima wamekusanyika kumsaidia kukabiliana nacho.

Maneno nayo yana kumbukumbu. Wasiwasi tumeutoa katika Kiarabu, ambako asili yake ni kunong'ona. Sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, inamtaja mnong'onaji anayetia maneno vifuani mwa watu. Wajerumani husema Angst, neno lenye udugu na eng, yaani finyu, na Kilatini cha kale kilikuwa na angere, kukaba. Kwao hofu ni kifua kilichobanwa, kwetu ni sauti inayosemea pembeni. Lakini tusiharakishe kuchora mpaka kati ya mabara, maana Kiswahili kina dhiki pia, nayo katika Kiarabu ni ule ule ufinyu, na faraja inatokana na kitenzi cha kufungua mwanya. Anayesema "baada ya dhiki faraja" anazungumzia chumba kidogo na mlango.

Tofauti ya picha huleta tofauti ya tiba. Hofu ikiwa ni mnong'ono, dawa yake ni sauti nyingine iliyo karibu zaidi. Bukhari amepokea hadithi kwamba Mtume alikuwa akiwasomea kinga wajukuu zake Hassan na Hussein, akisema kwamba Ibrahimu naye aliwasomea hivyo Ismail na Is-haka. Wanazuoni wamebishana sana juu ya hirizi, wapo pia wanaolikataa kombe, lakini picha hiyo ya babu anayemsomea mjukuu imebaki juu ya mabishano. Na katika nyanda za juu za Guatemala mnong'ono umegeuzwa kabisa. Huko kuna vidoli vidogo vya vijiti na vitambaa viitwavyo quitapenas, waondoa huzuni. Usiku mtoto humnong'oneza kila mmoja shaka yake moja, akawalaza chini ya mto. Sasa mnong'onaji ni mtoto mwenyewe, na mwenye kubeba ni mwingine. Ninavutiwa zaidi na hiyo hesabu ya shaka moja kwa kidoli kimoja: hofu iliyokuwa lundo inalazimika kugawanywa, na mtoto anapoigawanya anagundua ina vipande vingapi.

Kuna jamii zinazoona kwamba aliyeshtuka hakuingiwa na kitu, bali amepungukiwa. Mexico na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati huiita hali hiyo susto: roho imebaki pale mtoto aliposhtukia, na mganga anaweza kurudi mahali pale kuita jina la mtoto mpaka roho irejee. Upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki, Wachina wana desturi ya kuita roho iliyotawanyika kwa hofu. Katika hekalu la Xingtian mjini Taipei, wanawake wa kujitolea waliovaa majoho ya buluu hupokea foleni za watu, wakiwemo wazazi na watoto wao, kwa ajili ya ibada hiyo ya kutuliza mshtuko. Makundi haya yametenganishwa na bahari kubwa kuliko zote, lakini yote mawili yamefika kwenye tendo moja, kumwita mtoto kwa jina lake.

Maabara za Marekani ziliingia katika jambo hili kwa mlango mgumu. Mwaka 1920, John Watson na Rosalie Rayner, jijini Baltimore, waliandika jinsi walivyomfundisha mtoto mchanga waliyemwita Albert kumwogopa panya mweupe, kwa kugonga chuma nyuma yake kila alipomgusa. Hawakumwondolea hofu hiyo. Miaka minne baadaye Mary Cover Jones, wa New York, alichapisha habari za Peter, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyeogopa sungura. Jones alianza kwa kumweka Peter acheze na watoto wasioogopa, sungura akiwepo chumbani. Hofu ikapungua. Kisha Peter akaugua homa nyekundu, akakaa hospitali karibu miezi miwili, na siku ya kutoka akarukiwa na mbwa mkubwa wakati yeye na muuguzi wakiingia kwenye teksi. Hofu yote ikarudi. Jones akaanza upya: Peter akila chakula anachokipenda, sungura akiwa ndani ya kizimba analetwa karibu kidogo, kisha kidogo tena, bila kumvurugia mlo. Mwishoni Peter alimwacha sungura amng'atang'ate vidole.

Hapa hakuna mdudu, mnong'onaji wala roho iliyopotea. Kuna umbali tu, na umbali unapimika. Mila za kale humwondolea mtoto hofu kwa tendo moja zito. Jones aliiondoa kwa vitendo vingi vyepesi. Lakini alihitaji watoto wengine chumbani, meza ya chakula, na mtu mzima asiye na haraka. Sioni kama alikuwa mbali sana na sahani ya zafarani.

Upande mwingine wa mizani lazima usemwe. Tumewatuliza watoto, na tumewatisha vilevile. Wahispania wana Coco wao, anayekuja kumchukua asiyelala. Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alichapisha mwaka 1845 kitabu cha watoto ambamo anayenyonya kidole hukatwa vidole gumba. Sisi tuna zimwi, na tuna lile la kila siku, "nyamaza, nitamwita daktari akudunge sindano". Mtoto huyo huyo tunamfikisha zahanati, tukashangaa anavyotetemeka.

Hatua ya karibuni zaidi ninayoijua inamgeukia mzazi. Mwaka 2020 Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti wa watoto 124 wenye maradhi ya wasiwasi. Kundi moja lilipata tiba inayotambulika sana, ya kuzungumza na kufanya mazoezi ya kukabili hofu. Katika kundi la pili mtoto hakuonana na mtabibu. Walifundishwa wazazi peke yao. Matokeo ya makundi hayo mawili yalilingana. Wazazi walifundishwa kupunguza, polepole, yale waliyokuwa wakifanya kwa huruma: kulala naye kila usiku, kumjibia mbele za watu, kumruhusu kubaki nyumbani. Pia walifundishwa kumwambia mtoto kauli yenye nusu mbili: naona unavyoumia, na nina imani utaweza.

Niliposoma hayo nilifikiri kwamba Kiswahili kina nusu zote mbili tayari. Pole haiahidi kuondoa kitu. Inakiri kwamba uzito upo. Jikaze inakiri kwamba nguvu ipo. Kasoro yetu ni kuzitenga. Binti anapewa pole mpaka anaamini kweli hawezi. Mvulana anapewa jikaze mpaka hofu yake inahamia tumboni, na asubuhi ya mtihani wa darasa la saba anatapika uani bila kumwambia mtu. Katika nyumba nyingi mgawo huo unaanza mtoto akiwa mdogo bado. Mtoto akifikia hatua ya kukosa usingizi au shule kwa majuma, zahanati ina nafasi yake, sawa na chuo na bibi. Lakini mtoto huyo pia atahitaji kusikia maneno yote mawili kutoka kinywa kimoja.

Bibi yangu aliyasema pamoja, bila kusoma popote. Choo kilikuwa mwisho wa uani, nyuma ya mkorosho, na mimi giza lilinitoa jasho. Hakunisindikiza, wala hakunicheka. Alinipa kibatari, akasema, "Pole, mjukuu wangu. Jikaze, mimi nipo hapa," akasimama mlangoni. Kisha akaanza kuniita jina. Kila hatua chache ananiita, nami naitika, "Abee." Usiku wa kwanza aliniita mpaka nikarudi. Baada ya siku kadhaa alikuwa akiniita mara tatu, halafu mara moja, nilipofika kwenye mkorosho. Halafu akawa haniiti, nami nikifika pale naitika vilevile, na kutoka ndani nasikia akicheka taratibu na kusema, "Nakusikia."