Mgando, Mkwamo na Mbano

Kimiminika huweza kuwa kigumu kwa njia mbili, nasi tumezoea kuziita zote kuganda. Maji yakiwa barafu, molekuli zake hujipanga safu kwa safu zikawa fuwele. Hapo mgando ni jina halali. Lakini mchanga ulioyeyushwa kiwandani ukapozwa haraka huwa kioo bila kujipanga: chembe zake hubaki shaghalabaghala, kama zilivyokuwa zikitiririka. Badiliko hili la pili lastahili jina lake, na napendekeza mkwamo wa kioo, kwa kuwa kinachogeuka zaidi ni mwendo wa chembe kuliko mpangilio wake. Ushahidi wa wazi ulitolewa mwaka 1986 na Peter Pusey na William van Megen, waliotumia vijipira vya plastiki, vidogo kuliko mikroni moja, vikielea katika kimiminika. Vilipojaza chini ya nusu ya nafasi vilitangatanga. Vilipozidi hapo vilijipanga vyenyewe kuwa fuwele, mpaka karibu asilimia 58, kisha vikakwama. Wala nafasi haikuwa imekwisha, maana vijipira vilivyomwagwa ovyo hujaza hadi asilimia 64, na vilivyopangwa kwa ustadi 74. Kila kimoja kilizuiwa na jirani zake, ambao nao walizuiwa na wengine.

Yupo atakayepinga kwamba mpangilio nao hubadilika, na hakosei. Tangu 1952 Charles Frank alieleza jinsi chembe 12 zinavyoweza kuizunguka moja katika umbo la nyuso 20, umbo ambalo hata ukilirudia vipi halijazi nafasi yote. Na mwaka 2000 Eric Weeks na wenzake, wakitazama kwa hadubini, waliona chembe zenye kusogea zikienda kwa makundi, na makundi hayo yakikua kadiri hali ya kioo ilivyokaribia. Hata hivyo wastani wa umbali baina ya majirani hubadilika kidogo tu, ilhali mnato wa kioo cha kawaida hupanda mara mabilioni. Jina lifuate lililo kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mchanga mkavu nao hukwama kwenye mdomo wa faneli, hivyo jina la mkwamo lingeweza kuchanganya mambo mawili. Huo nauita mbano: joto haliwezi kusogeza punje kubwa hivyo, nazo husimama kwa kugusana na kusukumana. Chembe za kioo hazijaacha kutikisika. Zimekosa njia ya kutoka.