Masalia ya viwanja vilivyobomolewa

Masalia ya viwanja ni viti, matofali, mabango, hata mabonge ya nyasi, ambavyo mashabiki hununua au kuokota uwanja wao unapobomolewa. Desturi hii imeshamiri zaidi katika besiboli ya Marekani. Ebbets Field ya Brooklyn, iliyofunguliwa 1913, ilianza kubomolewa Februari 1960 kwa tufe la chuma lililopakwa rangi nyeupe na mishono myekundu, mfano wa mpira wenyewe; taa zake zilihamishiwa uwanja mwingine jijini New York. Shea Stadium ilipofungwa 2008, viti viwili viliuzwa dola 869. Bei ya kukomoa, lakini wanunuzi walipatikana.

Afrika Mashariki, Nakivubo ya Kampala, uwanja wa tangu 1926, ulibomolewa 2017 na kujengwa upya.

Thamani ya masalia hutegemea uthibitisho: hati ya muuzaji, namba ya kiti, picha ya zamani. Bila hivyo, tofali ni tofali tu.